Ukuta wa Mzee Alden

Doreen Quesnel hakuwa na subira na watu, lakini na miti alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika msitu wa mepo, miti ya utomvu mtamu, wa mzee Alden Peaslee, kule milimani Vermont: kutoboa miti, kutundika ndoo, kuchochea moto kibandani mpaka utomvu ule mwepesi kama maji ugeuke shira. Katikati ya miaka hiyo mzee akakubali kumuuzia msitu na kibanda, alipe kidogo kidogo kila msimu. Alimaliza kulipa mwezi wa nne. Hati wangekwenda kuitia saini mjini, matope ya barabarani yakikauka. Mzee akafariki matope yakingali yamejaa.

Mwanawe Brent akaja kutoka Boston, yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na tayari alikuwa na mnunuzi wake, mtu wa mbao.

"Mkataba uko wapi, mama?"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Wa kibanda. Umezaliwa hapa, Brent, usijitie ugeni."

Watu wa huko huandika kila kitu kwa penseli kwenye mbao za kibanda: siku utomvu ulipoanza kutiririka, theluji ilifika wapi, nani kafa, nani kaoa. Hapo ndipo mzee alipoandika kwamba amemuuzia Doreen msitu, toka boma la mawe hadi kijitoni, na bei, akatia saini. Chini yake, kila mwaka: "Kalipa. A.P." Karatasi hawakuwa nayo. Ni uzembe, sikatai, lakini pale hakuna aliyewahi kuona karatasi ikizidi ukuta.

Brent akacheka. "Mahakama haisomi kuta, mama yangu."

Wakili wa Doreen, Bi Ostrander, hakucheka. "Chukua msumeno, ukate ule ubao uniletee, kabla hajakibomoa kibanda."

"Sikati."

"Doreen!"

"Kibanda si changu mpaka hakimu aseme. Nikikata leo, mimi ni mwizi. Tena ubao ule una maneno ya watu wengine."

"Utaupoteza msitu kwa ukaidi."

"Basi niupoteze mikono ikiwa safi. Wewe mlete hakimu huku."

Ningekuwa mimi, msumeno ungeshalia. Doreen alirudi kwake akalia yeye, maana hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka kama msitu ule. Lakini ubao hakuugusa. Bi Ostrander akaomba zuio, kibanda kisiguswe, kisha akamwandama hakimu mpaka akakubali kuja.

Hakimu alikuja mwezi wa kumi, mama mnene mwenye miwani, akasimama mbele ya ukuta akisoma kama mtu asomaye barua yake mwenyewe.

"Bwana Peaslee, huu ni mwandiko wa baba yako?"

"Sina hakika, mheshimiwa. Yeyote angeweza kuandika."

Hakimu akasogea shibiri moja, kwenye ubao uleule. Palikuwa na herufi kubwa zilizopinda: "Machi 9. Brent kachemsha peke yake. Kaunguza karai." Kando yake: "Kweli. A.P."

"Na huu?"

Brent akainama kuusoma. "Wangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja."

"Uliliunguza kweli?"

"Niliunguza. Nilitaka kuandika nimefaulu, baba akanipokonya penseli. Akasema ukuta huu hauandikwi uongo."

"Na hizi herufi mbili?"

"Za baba," akasema, kisha macho yake yakashuka kwenye zile "Kalipa" zote, moja baada ya nyingine, na herufi zilezile mwisho wake. Akavua kofia. "Zote ni za baba, mheshimiwa. Nitatia saini hati."

Kumbe ubao ungekatwa, maneno yake ya utotoni yangekatwa nao. Doreen hakumwambia hilo. Alifungua penseli iliyoning'inia kwenye msumari, akampa.

Brent aliandika polepole chini ya mstari wa mwisho wa baba yake: "Msitu ni wa Doreen. B.P."

"Tarehe," Doreen akasema, machozi yakimtiririka bila haya. "Hapa hatuandiki bila tarehe."