Betri Haipimwi Ikiwa Imelala
Mama alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha betri za tochi hapa Nakuru, kwenye meza ya kupima. Betri zilimjia mfululizo, yeye akagusa huku na huku kwa ncha mbili za mita, akasoma mshale, akapitisha au akatupa kando. Walipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani na mita moja kuukuu aliyoruhusiwa kuichukua, akaiweka juu ya kabati, kisha akaanza kuuza viazi vya Dundori sokoni. Habari za kiwanda hakuzitaja tena.

Mimi, mwisho wa mwaka 2007, nilikuwa nahariri video za harusi. Mwenye studio, Mhindi mmoja mpole wa mjini, alinipa kanda nami nikazifanyia kazi kwetu sebuleni, kwa kompyuta niliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Kutoa filamu moja ya saa mbili, yaani kompyuta iunganishe vipande vyote viwe kitu kimoja, kulimeza siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Ndipo nikasoma kwenye saiba, duka la intaneti, kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaweza kusukumwa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa, mradi uiongezee volti kidogo. Sisi vijana wa kompyuta tulikuita huko kuovaklok. Nikaisukuma, na kwa kazi ndogondogo ikakimbia ajabu. Lakini kila nikianza kutoa filamu, baada ya robo saa hivi skrini inaganda, na kazi yote inabidi ianze upya.

Januari ikatukuta hapo. Mji ulikuwa na hofu kwa vurugu za baada ya uchaguzi, maduka yamefungwa, soko halipo. Mama, ambaye sikuwa nimezoea kumwona ameketi mchana, alikaa na redio mpaka akachoshwa na habari zake, akaizima. Asubuhi moja akaja akasimama nyuma yangu. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa mezani, nyaya zimetoka nje.

"Hii kitu inakusumbua nini?"

"Inaganda katikati ya kazi, mum. Nafikiri haipati stima ya kutosha."

"Umepima?"

Nikamwonyesha kwenye skrini, pale kompyuta ilipojiandikia volti zake yenyewe. Hata hakuinama kusoma.

"Hiyo imeandikwa. Mimi nimeuliza kama umepima."

Akapanda kiti, akaishusha mita, akaifuta vumbi kwa kona ya leso. Nilimwonyesha pa kugusa kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu: waya mweusi kwenye chuma cha kasha, mwekundu kwenye mguu wa koili iliyo kando ya prosesa. Nilikuwa na wasiwasi. Ncha ikiteleza na kugusa pini mbili kwa pamoja, ubao wote unaweza kuungua. Lakini mkono wake ulitua na kukaa pale bila kutikisika hata kidogo.

"Moja nukta tano kasoro," akasema, kisha akacheka. "Si hii ni betri ya tochi tu! Mashine yote hii kubwa!"

Tukapima pia waya wa manjano, ule wa volti kumi na mbili, unaotoka kwenye pawasaplai, kisanduku kinachoigawia kompyuta stima. Mshale ukasimama sawasawa kwenye kumi na mbili. Nikamwambia basi, stima ni nzuri, shida iko kwingine.

"Inafanya nini sasa hivi?" akauliza.

"Hakuna. Imekaa tu."

"Betri haipimwi ikiwa imelala. Hata ile imekufa ikipumzika inakudanganya. Ipe kazi."

Nikaanzisha filamu. Feni zikapandisha sauti. Mama akashika ncha zake palepale, na sote wawili tukauona mshale ukishuka pole pole, ukafika kumi na moja, ukapita.

"Imechoka," akasema. "Hii ningetupa kando."

Nikampigia simu mwenye studio. Alikuwa na kompyuta moja ya zamani isiyotumika, na pawasaplai yake ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Njia zilipotulia nilikwenda kuichukua. Tulipima tena, kazi ikiendelea, na safari hii mshale haukusogea. Nilimwambia mama anaweza kupumzika sasa. Akavuta kiti karibu, akabaki.

Ndipo akaanza kunisimulia. Kwamba asubuhi kiwandani walikuwa wakiomba pamoja kabla mashine hazijawashwa. Kwamba kulikuwa na mwanamke wa Olenguruone, jirani yake mezani, aliyeweza kujua betri mbovu kwa kuipima uzito kiganjani tu, na msimamizi alikuwa akimjaribu kila mara bila kumnasa akikosea. Kwamba siku ya mwisho walibadilishana leso, na hii aliyoifutia mita ilikuwa ya yule mwanamke. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na sikuwa nimesikia hata moja ya habari hizo.

Februari soko lilifunguliwa akarudi kwa viazi vyake. Hatukupata tena kukaa pamoja namna ile, mchana kutwa, bila mmoja wetu kuwa na pa kwenda.

Lakini siku ile ya masimulizi, filamu ilikamilika alasiri, tukaitazama yote, harusi ya watu tusiowajua. Mama alisifu sari, akahesabu vyakula. Bibi harusi alipoletwa mbele kwa mara ya tatu kupigwa picha, akasonya.

"Wamwache akae," akasema. "Huyo msichana hajala tangu asubuhi."