Meno Aliyoandaliwa Dada Yangu

Ndugu zangu wa jumuiya, mmekuwa mkiniuliza nimefanyaje hadi natafuna tena katika umri huu. Leo naeleza yote, pamoja na yale yasiyo ya kujisifia.

Mimi ni Filomena, mkulima wa mpunga hapa Katindiuka. Naishi na dada yangu Skola tangu waume zetu walipofariki. Zamani nilikuwa na meno imara. Nilipalilia huku natafuna muhogo mbichi, na kichwa cha kambale sikukiacha mpaka kimebaki mifupa mikavu.

Ubaya ulianzia kwenye fizi. Nikipiga mswaki, natema damu. Nikapuuza kwa kuwa haikuuma. Baadaye fizi zikavimba, zikatoa usaha, mdomo ukanuka mpaka kanisani nikawa naimba nimeinama. Meno yakaanza kucheza. Moja nililing'oa mwenyewe kwa vidole, mengine yaling'olewa zahanati. Mwisho taya la chini likabaki fizi tupu. Skola alishakuwa hivyo miaka mingi kabla yangu. Tukawa tunakula pamoja ugali laini kwa mlenda, na wali wa kupondaponda. Nilikonda, magauni yakanipwaya. Nilitengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, lakini yalielea mdomoni na kunichubua, nikayaacha.

Skola ana binti, Agnes, anafanya kazi Dar es Salaam. Alijinyima muda mrefu ili mama yake awekewe vipandikizi. Hizo ni skrubu ndogo zinazopandwa ndani ya mfupa wa taya, kisha meno yanakazwa juu yake. Tulipanda basi sote wawili, Agnes akatupokea. Mimi nilikwenda kumsindikiza tu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alitupa shikamoo, akampiga Skola picha ya taya na kumpima damu. Akasema, "Mama, umri si tatizo, nimewawekea wazee kukuzidi. Tatizo ni sukari. Iko juu sana, kidonda hakitapona. Na mfupa umesinyaa, skrubu haitapata pa kushika."

Skola alikaza kilemba chake, akasema, "Basi mpime mdogo wangu. Yeye hana sukari."

Nikapimwa. Mfupa wangu ulitosha.

"Mama mdogo, uko tayari?" Agnes aliniuliza.

Nilipaswa kusema tusubiri, mama yako atibiwe sukari kwanza. Nilisema, "Niko tayari," tena upesi, na sikumtazama Skola.

Nilichomwa sindano ya ganzi. Maumivu sikuyasikia, ila mtetemo wa mashine ulipanda mpaka masikioni. Nikashonwa. Kesho yake kidevu kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, mate yakitoka na damu. Daktari alisema itachukua miezi kadhaa mfupa uzishike skrubu.

Aliyenichemshia maji ya chumvi miezi hiyo ni Skola. Aliyenipikia uji na kuupoza ni yeye. Akiondoka na kikombe, nageukia ukutani nalia, naye alidhani nalia maumivu.

Tulirudi Dar, meno yakakazwa. Yalishika kweli. Lakini nyumbani niliendelea kuponda wali kama zamani. Nikitamani kitu kigumu, nakwenda kwa jirani. Siku moja Skola alinifuata kuniita, akanikuta nyuma ya jiko la watu nimeshika hindi la kuchoma. Tukarudi pamoja mpaka kwetu.

"Filo, unakwenda kula kwa watu kwa sababu yangu?"

"Dada, haya meno yalikuwa yako."

"Yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema upimwe. Ukijificha, unaninyang'anya hata hilo."

Akaingia ndani, akarudi na sahani ya pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Akasema, "Kula hapa, nione." Nilitafuna mbele yake machozi yakinitoka. Pepeta ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniumiza.

Tangu siku ile tunakula pamoja, kila mtu chakula anachokiweza. Skola anahudhuria kliniki ya sukari, na amechongewa meno mapya ya kuvaa yanayomkaa vizuri kuliko yale niliyoyaacha mimi. Daktari amesema sukari ikitulia atamwangalia tena. Hakuahidi. Agnes akija likizo huwa namwona anatazama mdomo wangu, halafu anatazama sahani ya mama yake. Hajawahi kunilaumu, nami sijapata namna ya kulizungumza naye.

Ninyi mlio na meno, damu ikitoka kwenye fizi nendeni hospitali mapema, msisubiri maumivu. Mliokwisha kung'oa msikae miaka, mfupa unakwisha kimyakimya. Pimeni sukari. Asiwepo wa kuwaambia kwamba mzee hatibiwi meno. Na mkiwekewa, yasafisheni kila siku, fizi zinaweza kuugua tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Agnes. Na wewe dada, uliyekaa hapo karibu na mlango, nyumbani nimekushukuru mara nyingi tukiwa wawili tu. Leo nilitaka watu hawa wajue walipoyasifia meno yangu walikuwa wanamsifia nani.