Sufi Iliyozidi

Mto wangu wa zamani umepasuka, na sufi iliyomwagika bado inanuka mafuta ya cherehani.

Baba alikuwa fundi wa nguo pale Rumonge. Mama alirudi kutoka hospitali ya Bujumbura akiwa amekatwa titi la kushoto, na kwa majuma kadhaa alikataa kutoka hata kwenda sokoni. Baba alimwosha kidonda, akapika, akafua. Siku moja akachukua kitambaa cheupe kilichobaki alipokuwa akishona bendera za uhuru, akakijaza sufi, akakishonea ndani ya gauni la mama, upande wa kushoto.

"Unipime kwanza," mama alisema.

"Vipimo vyako viko kwa kichwa."

Mama akavaa, akajitazama.

"Iko kubwa, baba watoto. Hii ni ya yule binti uliyemuoa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Baba akafumua, akawa anatoa sufi kidogo kidogo, kila mara akiuliza, "Bado?" mpaka mama akasema, "Basi." Kesho yake alienda sokoni.

Ile sufi iliyozidi, baba aliitia kwenye mto wangu.