Chinsaga Bila Maziwa

Mimi najua kupika, na nasema hivyo bila aibu. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini nikionja chakula naweza kukwambia kimekosa nini. Ndiyo maana nilipopata kazi katika hoteli ya vyakula vya Moroko pale Kisii mjini nilijiona nimefika, ingawa kazi yenyewe ilikuwa kumenya karoti.

Mwenye hoteli ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa hapa mjini, aliyewapikia watu huko Moroko miaka mingi kabla ya kurudi. Alirudi na vyungu vyake vyenye vifuniko vilivyochongoka kama paa la nyasi, vinaitwa tajini. Wateja wa kwanza walipoletewa kuskusi waliuliza kama ni ugali uliokosa maji. Siku hizi wanakuja wenyewe, hasa Waadventista, kwa sababu kwetu asiyekula nyama hawekewi kabichi kando kama adhabu. Anapata malenge yenye zabibu kavu, anapata biringanya, anapata maharagwe ya bizari mpaka analamba vidole.

Basi akina mama wa kanisa hilo kutoka Nyanchwa wakaagiza chakula cha mchana cha Jumapili. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka mingi nyuma aliugua sana, akamwahidi Mungu kwamba akipona hatakula tena chochote kinachotoka kwa mnyama. Si nyama tu, hata yai, hata siagi, hata maziwa. Wenzake walitaka siku hiyo meza nzima iwe ya vyakula anavyoweza kula yeye.

Mwenye hoteli akaniita. Akasema nimemchosha na ndoto zangu za kupika, kwa hiyo sahani moja ni yangu. Wageni wakiipenda, nitapewa tajini yangu mwenyewe. Wakiiacha, nirudi kwenye karoti na nisimsumbue tena.

Sikuhitaji kufikiri. Wamoroko wana mboga ya majani wanayoikaanga kwa kitunguu saumu, zeituni na malimau yaliyokaa kwenye chumvi wiki nyingi. Mara ya kwanza kuionja nilijiambia, mbona hii ni chinsaga, mgagani wetu mchungu, iliyosafiri? Sisi ni Wakatoliki, hatushiki Sabato, kwa hiyo Jumamosi nilienda soko la Nyakoe, nikanunua chinsaga mbichi, nikaichambua jani kwa jani, nikaichemsha nyumbani Kiogoro na kuilaza chunguni kama mama alivyonifunza. Asubuhi nikapanda boda na chungu mapajani. Nilipoikaanga, jikoni kukanukia vizuri hata mwenye hoteli akageuza shingo. Yeye akigeuza shingo, jua amekusifu.

Wageni wakafika, sahani zikapangwa, mwalimu akasimama kuomba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Akamshukuru Mungu kwa kumsaidia kushika ahadi miaka yote hiyo, asionje damu wala maziwa.

Maziwa.

Kwetu chinsaga hulazwa na maziwa ili uchungu utoke. Hakuna anayeyahesabu, ni kama kuosha majani. Mkono wangu ulikuwa umeyamimina Jumamosi jioni bila hata kuniuliza. Na sasa yalikuwa yamenyweka yote, huwezi kuyaona. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikaifikiria tajini yangu, sitadanganya, niliifikiria kabisa. Wakasema amina. Mwalimu akachota chinsaga kwanza.

"Mwalimu, usile hiyo," nikasema. "Nimeilaza na maziwa."

Kijiko kikabaki hewani. Kisha mama mmoja mnene akasema, "Mgusii gani angeilaza na maji?" Meza nzima ikacheka, mwalimu akiwemo. Mwenye hoteli hakucheka. Alinivuta jikoni akaniambia nimemwaibisha mbele ya wageni, ningemwita pembeni kwanza. Nikamuuliza, pembeni, na kijiko kinaelekea mdomoni?

Akanisogezea sufuria.

Lilikuwa limebaki fungu moja bichi, nililolibeba pamoja na chungu. Nikalichemsha, nikamwaga maji mara mbili, nikazidisha limau, nikalikaanga haraka. Sahani moja ndogo tu ikatoka. Nikamwekea mwalimu, nikasimama pale pale.

"Ni chungu," akasema.

Nikaanza kunyoosha mkono kuiondoa. Akaishika sahani.

"Iache. Mwaka ambao ng'ombe wetu walikufa, mama alitupikia hivi. Sijaila tangu siku hizo."

Akala polepole. Wenzake wakaanza kunyoosha vijiko waonje, akaifunika sahani kwa kiganja. "Nyinyi rudini kwenye maziwa yenu," akawaambia. Alipomaliza aliniuliza nilijuaje kuiacha na uchungu wake. Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua chochote, muda tu haukutosha.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, mwenye hoteli aliniwekea mezani tajini ndogo, ile yenye ufa mdomoni. Alisema ni yangu, kwa sharti moja: kabla sijawasha moto, nimtajie kila kitu kilichoingia ndani, hata kile ninachodhani si kitu.

Basi kila asubuhi namtajia, yeye akiwa upande wa pili wa jikoni na mgongo wake kwangu. Naanza na maji. Natamka kwa sauti, ili hata wateja walio karibu na dirisha wasikie watakachokula.