Seva Tuliyoisimika Nyuma ya Fundi Cherehani

Bosi wa Dar aliponipigia kuniambia kazi yetu itahamishwa, nilikuwa nimesimama nje nikiota jua, maana chumbani kulikuwa na baridi ya kukakamaza vidole. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kampuni yao ndiyo iliyotupa kazi ya kutunza programu ya simu inayotumiwa na makarani wa maghala ya wakulima, mahindi ya huku juu Mollo na mpunga wa kule chini Mtowisa. Karani anapima gunia, anaandika uzito kwenye simu, mkulima anapata risiti yake. Programu hiyo tuliiandika sisi watatu, Sumbawanga, kuanzia mstari wa kwanza. Sasa kulikuwa na sharti jipya: badiliko lolote lisomwe na kupitishwa na mtu wa pili kabla ya kuingia kwenye programu, na ushahidi uwepo. Dar walikuwa na watu wa kazi hiyo.

"Huko kwenu nani atamkagua nani?" aliuliza. Halafu akacheka, akasema labda sisi hatuna haja ya mitambo, tuna ungo.

Utani wa ungo, kwamba sisi ni wachawi tunaoruka nao usiku, nimeusikia tangu chuoni. Ukishasema tu kwamba kwenu ni Sumbawanga, kuna mtu atasogeza kiti chake na kukuuliza umekuja kwa usafiri gani. Nilishazoea kucheka pamoja nao. Siku ile sikucheka. Nilimwambia seva ya ukaguzi nitaisimika mwenyewe, hapahapa, na yeye atapanda basi aje aione. Akanipa muda hadi msimu wa kupima uanze. Nikishindwa, kazi inakwenda Dar, na mimi nikitaka naweza kuifuata. Dar nimeishi. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikijua ninachokiacha, na sikuwa tayari kurudishwa kule kama mzigo uliopotea njia.

Tulikuwa watatu, kama nilivyosema. Mmoja alikuwa Mwalimu, aliyenifundisha hesabu sekondari. Alipostaafu, wenzake waligeukia nyuki na miti, yeye akageukia kompyuta, na hadi leo anaandika programu kama alivyokuwa akiandika ubaoni, bila kufuta sana. Wa pili alikuwa mwenzetu wa bondeni, mtoto wa wafugaji waliohama kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao wakatua karibu na Mtowisa. Tunalingana umri, ila yeye huniita dada.

Huyo mwenzetu alinishauri tukodi huduma ya mtandaoni, tujiandikishe, yaishe. Nilikataa. Mvua zikianza, mtandao wetu huja na kuondoka unavyotaka, na siwezi kuwaambia watu wasubiri kusomana kazi mpaka mbingu zitulie. Kingine kilikuwa kiburi, sifichi. Nilitaka kitu ninachoweza kukigusa kwa mkono na kusema, hiki hapa, kinawaka, kiko kwetu.

Tulipata kompyuta ya mezani ya mama mmoja aliyefunga duka lake la kutoa kopi. Feni yake ilikuwa imejaa vumbi jeusi la wino, nikaisafisha kwa brashi ya viatu. Tukaiweka kwenye chumba tulichopanga nyuma ya fundi cherehani, juu ya meza isiyoyumba, na betri na inveta chini yake. Programu ya ukaguzi yenyewe ni ya bure, yeyote anaweza kuipakua. Kazi yake ni kukaa mlangoni. Ukimaliza kuandika mistari yako, haiendi moja kwa moja kwenye programu kubwa. Inabaki kwa seva, wenzako wanaisoma, wanaandika maoni pembeni, halafu wanaweka alama. Kijani, pita. Nyekundu, rudi ukarekebishe.

Kuisimika kulinitoa jasho kwenye baridi ile. Kwanza ilikataa kuwaka kwa sababu mashine ilikuwa na toleo la zamani la Java, programu ambayo seva huitegemea. Nikapakua mpya, bando likakata katikati. Nilipoipata, seva ikalalamika kwamba namba ya mlango wake wa mawasiliano imekaliwa, na nusu siku ikapita kabla sijagundua kwamba kuna kiprogramu cha kuchapisha cha yule mama wa kopi, kinachojiwasha kimyakimya kila mashine inapowashwa. Nikakifuta. Umeme ukakatika, na hapo ndipo nilipojua kwamba inveta ilikuwa imechomekwa kwenye chaja ya simu ya mwenzetu badala ya kompyuta. Nikaanza upya. Fundi cherehani aligonga ukuta kuuliza kama kuna mtu ninagombana naye.

Hatimaye ukurasa ukafunguka, mweupe, na kitufe kimoja cha kuingilia. Mwalimu na mwenzetu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Ilinipasa nibonyeze tu. Badala yake nikainuka, nikapangusa kiti, nikamkaribisha Mwalimu atangulie. Ndivyo nilivyolelewa. Mkubwa hutangulia kunawa, hutangulia kukaa, na mimi nisingeweza kuingia kwenye kitu kipya huku aliyenifundisha kuhesabu amesimama mgongoni. Mwalimu akakaa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Akafuata mwenzetu. Mimi nikaingia wa mwisho, nikiwa na furaha tele, tukaagiza chai na maandazi.

Baada ya chai nikakaa niweke kanuni za ukaguzi. Seva ikaniambia sina ruhusa. Nikajaribu tena. Sina ruhusa. Ndipo nikafungua mwongozo, ukurasa nilioupitia juujuu, nikasoma kwamba mtu wa kwanza kuingia ndiye anayefanywa msimamizi mkuu. Funguo zote zilikuwa kwa Mwalimu. Walioandika programu hiyo hawakuwahi kumfikiria mtu atakayeisimika kwa taabu namna ile halafu akampisha mzee.

Nilimwomba anikabidhi usimamizi. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwanza ausome huo mwongozo. Akausoma wote, kwa siku kadhaa, akipiga mistari kwa kalamu kwenye karatasi alizochapisha, na mimi nikiwa nimenuna waziwazi. Alipomaliza aliweka kanuni mwenyewe. Hakuna anayepitisha kazi yake. Nyekundu ya mtu yeyote inazuia kazi ya mtu yeyote. Ile ruhusa ya msimamizi kuruka foleni aliiondoa kabisa, hata kwake. Alisema amesimamia mitihani miaka mingi, anajua mwenye ufunguo ndiye huombwa kwanza. Usimamizi hakunipa.

Kanuni zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa sisi. Kazi yangu ilipata nyekundu, ya mwenzetu ilipata nyekundu, ya Mwalimu ilikuwa kijani kitupu. Nilimuuliza mwenzetu kama kweli anazisoma. Akasema anazisoma, na makosa anayaona, lakini atamwekeaje mzee alama nyekundu mbele za watu? Nikamwambia watu wenyewe ni sisi watatu. Akasema ndio hao hao. Nilikasirika, maana niliona bosi wa Dar atakuja, ataufungua ukurasa wetu, ataona kwamba mtu mmoja hapa hakaguliwi, na hapo atakuwa amesema kweli kuhusu sisi.

Basi Mwalimu alipoleta badiliko ambalo lingefuta vipimo vya jana kila karani anapofungua simu asubuhi, niliandika: "Hapana. Mstari huu unafuta vipimo." Nikaweka nyekundu.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Habari zikamfikia mama yangu kabla mimi sijamsimulia, na alinisema kwa Kifipa wakati wote nikimsaidia kupepeta ulezi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua sitaifuta ile alama. Nikaenda Mollo. Nilimkuta Mwalimu shambani kwake, anafukia nyasi kwenye matuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umenisalimia."

Akaendelea kulima. Alisema kosa ameliona siku ileile na ameshalisahihisha. Kilichomuuma ni kwamba niliingia kwake bila hodi, nikamwambia hapana, nikatoka. Nilikuwa bado nina hasira, nikamwambia kule ni kwenye kompyuta, si sebuleni kwa mtu. Akaniuliza iwapo ile mistari iliandikwa na kompyuta au na yeye. Nikachukua jembe la pili, tukafukia nyasi hadi mwisho wa tuta.

Tangu siku hiyo hatukuandika neno kwenye seva bila salamu. Kurasa zetu zilikuwa za ajabu kuzitazama. "Shikamoo Mwalimu, samahani, hapa jumla haitatoka sawa." Chini yake: "Marahaba. Nimeona." Na mwenzetu wa bondeni, aliyekuwa hathubutu, akaanza kumpa Mwalimu nyekundu. Akishaulizia afya ya nyumba nzima, aliweza kukataa chochote. Na Mwalimu alirekebisha.

Bosi akaja msimu wa kupima ukikaribia, amevaa shati la mikono mifupi. Nilimpa koti la Mwalimu. Alikaa mbele ya ukurasa wetu, akasoma, akacheka zile shikamoo, akapiga picha. Lakini aliendelea kusoma, na kicheko kikapungua. Alisema ukaguzi upo, hilo haliwezi kukanushwa. Halafu akatoa kompyuta yake mpakato. Alikuwa na badiliko la haraka kutoka kwa wakubwa zake, alitaka liingie leo: karani asiweze kuandika uzito wowote mpaka simu yake iwe na mtandao, ili takwimu zifike Dar papo hapo. Akaituma kazi yake kwenye seva.

Mwenzetu akaisoma mara mbili. Halafu akaandika: "Karibu Sumbawanga, bosi, pole na safari. Kwetu Mtowisa mtandao unaweza kupotea kutwa. Mkulima aliyeshusha mpunga wake atakaa nao juani mpaka lini? Samahani." Akaweka nyekundu.

Bosi alinigeukia mimi, akaniambia niipitishe. Nikamwambia nyekundu ya mtu yeyote inazuia. Akauliza msimamizi ni nani, nikamwonyesha Mwalimu. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hata yeye seva haimpitishi, na alipanga hivyo kwa makusudi. Bosi akasimama, na koti la watu mabegani.

"Mnajua kazi hii naweza kuihamisha kesho," alisema.

Niliogopa. Nilimwona mama yangu peke yake na ule ulezi, nikajiona mimi kwenye chumba cha kupanga Dar, natafuta feni. Niliangalia meza, ile mashine, waya wa inveta niliouchomeka sasa mahali pake. Mwenzetu alikuwa ameinamisha kichwa, lakini alama hakuifuta.

"Ihamishe," nikasema. "Lakini hiyo haipiti hapa."

Akatoka nje na simu. Tulimsikia akiongea karibu na ukuta wa fundi, sauti ikipanda na kushuka. Nilikuwa najua naweza kuwa nimetukosesha kazi wote watatu, na bado nisingeyabadilisha yale maneno. Aliporudi alivuta kiti karibu na mwenzetu, akamuuliza kule bondeni makarani hufanyaje mtandao ukipotea. Wakakaa hadi jua likahamia dirisha la pili. Badiliko likawa kwamba uzito unaandikwa, risiti inatoka, na takwimu zinasubiri kwenye simu hadi mtandao urudi. Mwenzetu akabadilisha nyekundu kuwa kijani. Bosi alipanda basi alfajiri bila kutuahidi lolote.

Kazi haikuhama. Msimu ulianza, mpunga ukapimwa, na badala ya sisi kuitwa Dar, kazi za watu wa Dar zikaanza kuja kwenye mashine yetu kusomwa. Baadaye bosi alinipigia. Walitaka niende niwe mkuu wa wakaguzi wao, na nyumba watanitafutia. Alisema mtu kama mimi asipotee huko. Nilimjibu kwamba sijapotea, najulikana nilipo, na kazi zao zinafika kila siku bila kukosea njia.

Wiki iliyopita ilikuja kazi yake yeye mwenyewe. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, Mwalimu amekaa pembeni anakunywa chai. Nikamsalimia bosi, nikamuulizia watoto, nikamwekea nyekundu.