Kikombe cha Kutoka Nyumbani

Kila asubuhi pale stendi ya Nyegezi nilikuwa nakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, kisha nakitupa mtaroni kama bwege. Siku moja mvua kubwa ikanyesha, mtaro ukafurika, na vikombe vyangu nikaviona vinaelea kuelekea ziwani, kulekule wanakotoka sato ninaowala. Nikaona aibu. Kesho yake nikaja na kikombe changu cha bati.

Muuza kahawa, mama wa Kihaya mwenye ulimi mkali, alikitazama kama vile nimemletea chura.

"Shikamoo mama. Nitilie humu."

"Marahaba. Kwa hiyo mimi nawapa watu sumu?"

Lo! Nilikuwa nimesahau kwamba huku kwetu, anayekwepa chombo chako anakuita mchawi. Nikaanza kumweleza habari za taka na samaki. Wapi! Alijaza kikombe, akapiga mafunda mawili makubwa mbele ya wateja wote, akanirudishia.

"Sijafa. Kunywa."

Siku hizi tuko kama kumi wenye vikombe vyetu, na mtaro unapumua. Yeye bado anaonja kila kimoja kwanza, halafu analalamika kwamba usiku hapati usingizi, eti karogwa.