Kiongozi wa mugodi alitaka kutuonyesha giza

Jamani, leo tumeharibia mutu kazi yake! Mutuhukumu wenyewe.

Naandika mbio hapa siber ya intaneti, mbele ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, ianze.

Asubuhi sisi majirani wa mutaa ya Musaga tulienda kutembelea mugodi ya zamani, ile Wabelgiji walichimba chini ya mulima. Kiongozi akatuingiza ndani kabisa, akasema na sauti ya padri:

"Sasa nazima taa. Mutaona giza yenye hamujawahi kuona."

Akazima.

Weee! Hapo hapo viberiti, matochi, na jirani yangu Mama Zuhura akatoa mushumaa kwenye sakoshi. Mugodi ikang'aa kama kanisa siku ya Noeli.

"Apana! Zimeni!" kiongozi akalalamika. "Wageni wengine wanaogopaga hapa!"

Tuogope nini? Kwetu umeme inakatika kila siku.

Akachoka, akawasha taa yake. Sisi wote, bila kupanga, tukapiga makelele:

"Umeme imerudi!"

Tukazima matochi, na Mama Zuhura akapuliza mushumaa yake mbio, isiishe bure.

Taa ya kiongozi ikazimika yenyewe.

Ndani ya giza tukasikia sauti yake, ndogo kabisa:

"Mama... we uko na kiberiti ingine?"